Siku ya Sita ya Mfungo

Bhavnagar, 9 Septemba 1986

Kwa Dada Kanchan,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi wazima. Mama goti la kushoto linamsumbua, la kulia analisifu mbele ya wageni. Mke wangu Sushila anakusalimu, anauliza kama shemeji amepona jino. Mvua imetunyeshea vizuri, na kwa sababu hiyo panya wamehamia dukani kwangu. Kuwaua dini yetu hainiruhusu, kwa hiyo nawatega kwenye kikapu, nawavusha barabara na kuwaachia karibu na duka la Mohanlal. Mohanlal naye ni Mjaini mwenzetu, anawatega na kuwavusha kurudi kwangu. Nadhani panya wale sasa wanatufahamu kwa majina.

Siku zetu nane za toba zimekwisha salama. Wengine wamefunga zote nane kwa maji ya kuchemsha tu. Mimi nimefunga moja, na siku hiyo nilikuwa na uso mbaya hata wateja walinunua masufuria bila kubishana bei. Tumbo langu unalijua, siku hizi linaingia mlangoni kabla yangu.

Nakuletea humu kadi ya msamaha. Mwaka huu nimechapisha mia tatu, kwa wino wa dhahabu: "Kama nimekukosea kwa wazo, kwa neno au kwa tendo, kwa kujua au kwa kutojua, naomba unisamehe." Chapa imetoka safi, sivyo?

Mdogo wako,
Rasik

Kalkuta, 4 Oktoba 1986

Mdogo wangu Rasik,

Salamu. Jino la shemeji yako limeng'olewa, sasa anazungumza kama anayepuliza moto. Mtaa wetu umefungwa kwa sherehe za Wabengali: ngoma tangu asubuhi, na samaki wanakaangwa chini ya dirisha letu. Mkaza mwanangu Darshana ameziba nyufa zote kwa taulo, harufu isituingie sisi tusiokula samaki. Msichana mwema. Ndiye aliyenifanya nikuandikie.

Kadi yako nimeirudisha. Imo ndani ya bahasha hii, usije ukasema imepotea njiani.

Miaka thelathini unaniomba msamaha kwa chapa. "Kwa kujua au kwa kutojua." Lipi, Rasik? Nitajie moja tu kwa jina lake.

Mwezi wa Mei nilipokuja huko na Darshana kumwonyesha kwa Mama, uliona Mama alichofanya kabla hata hajatuletea maji. Alifunga stoo ya chakula, akaufunga ufunguo kwenye pindo la sari yake, kama anavyofanya kila nikija. Darshana akauliza kwa nini. Shangazi akacheka, akamsimulia yote: Kanchan alivyoiba ladu, yale madonge matamu ya samli, za karamu ya mfungo wa mdogo wake, tena katikati ya siku takatifu. Wewe ulikuwa umekaa palepale. Ulikuwa unamenya pera.

Sasa Darshana akitengeneza kitu kitamu ananiwekea changu pembeni, ananiambia taratibu, "Mama, hiki chako, usione haya." Hana nia mbaya hata kidogo, na hilo ndilo linaloniua.

Aliyekula ladu zile unamjua, nami namjua. Asiyejua ni Mama. Ana miaka sabini na minane. Mwambie kabla ya siku ya msamaha ya mwakani. Sitaki kingine kwako.

Kanchan

Bhavnagar, 8 Novemba 1986

Dada,

Heri ya mwaka mpya wa kwetu. Taa tumewasha, vitabu vya duka tumevifungua kwa sala, Sushila kachora maua ya unga mlangoni nami nikayakanyaga, kama kila mwaka. Mama hajambo.

Barua yako nimeisoma dukani, nimejificha nyuma ya mapipa. Umetaka nitaje kwa jina. Nataja.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilisema nitafunga siku nane kwa sababu mtoto wa Chimanlal alifunga mwaka uliopita akatembezwa mjini juu ya gari la farasi, na mimi nililitaka lile gari. Baba akafurahi, akaalika watu mia tatu na kukodi bendi. Siku ya sita, mchana, watu wote walikwenda kusikiliza mahubiri ya watawa. Mimi niliachwa nipumzike. Wewe ulikuwa uani unachuja na kuchemsha maji yetu wafungaji. Nilipita stoo. Nilisema nitanusa tu.

Mikono ikanijaa samli, nikaifuta kwa kitambaa kilichokuwa karibu. Nilikuja kujua baadaye kwamba ni mtandio wako. Nikatoka, nikakukuta mlangoni. Nikakwambia, "Dada, usiseme." Hukusema. Jioni Mama akauona mtandio. Na wewe wiki ile ulikuwa unakula mlo mmoja tu kwa siku, kwa hiyo ulihesabiwa mwizi na mvunja nadhiri kwa pamoja. Siku ya nane mimi nilipanda gari la farasi, na wazee waliinama kunigusa miguu kwa heshima.

Haya, nimeandika.

Kumwambia Mama nitamwambia. Ila daktari kasema shinikizo lake la damu liko juu, asishtuliwe. Acha baridi ipite.

Rasik

Kalkuta, 21 Januari 1987

Rasik,

Sisi wazima. Baridi inakwisha. Darshana ni mjamzito, tunashukuru.

Shinikizo la damu la Mama liko juu tangu nikiwa darasa la nne.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Habari ya ladu ilifika Kalkuta kabla yangu. Nilipoolewa, mama mkwe alikuwa amekwisha kununua kufuli la kabati la chakula. Miaka kumi na minne, mpaka siku alipofariki, nilikuwa nikiomba ufunguo ili nimpikie mume wangu. Aliyepeleka habari hiyo sijui. Sikuuliza.

Baridi imepita.

Kanchan

Bhavnagar, 16 Aprili 1987

Dada,

Hongera ya mjukuu anayekuja. Hapa joto limeanza, Mama anachuja maji mara mbili kwa siku asije akameza kiumbe hai, anasema wadudu wa mwaka huu ni wadogo zaidi.

Habari ya kufuli sikuijua. Nimeikalia miezi mitatu nikitafuta la kusema, sikupata, na ndiyo sababu ya kuchelewa kujibu.

Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza nilimkuta na kitambaa cha kuchujia maji. Nikasema, "Mama, nina neno." Akasema, "Kama ni neno la friji, jibu ni hapana." Nikaondoka. Mara ya pili nilianza, nikainua macho nikakutana na picha ya Baba ukutani na shada lake la maua, nikaishia kulipangusa vumbi. Mara ya tatu nilimaliza. Nilisema kila kitu, toka mwanzo hadi mwisho, machozi yakanitoka. Kisha nikasikia anakoroma. Na unajua, Dada, nilijisikia mwepesi, nikaenda kula nikashiba. Mtu wa namna hiyo ndiye mdogo wako.

Kuna baya zaidi. Mzee Chimanlal, ambaye sasa ndiye mkuu wa jumuiya yetu, anataka mwezi wa Agosti nikae jukwaani niwaeleze vijana jinsi nilivyoishinda njaa nikiwa na miaka kumi na saba. Sikukataa. Nimesema nitafikiria. Nakuandikia hivyo kwa sababu nimeamua angalau kwenye barua nisidanganye.

Rasik

Bhavnagar, 3 Julai 1987

Dada,

Hujanijibu tangu Aprili. Siulizi kwa nini.

Nimemwambia. Safari hii alikuwa macho, nimekaa mbele yake, nimemshika mikono.

"Mama, zile ladu nilizila mimi."

"Ladu zipi?"

"Za mfungo wangu. Siye Kanchan. Ni mimi."

Akachomoa mkono mmoja. Kisha akanipapasa shavu, mimi mwenye mvi.

"Mwanangu. Una moyo wa baba yako."

"Mama, nisikilize..."

"Nimekusikia. Bahasha za Kalkuta nimeziona zikiingia humu. Dada yako amekulilia, nawe umeona umbebee mzigo wake. Haya, umembebea. Nani mwingine angefanya hivyo?"

"Sijambebea! Nilikula mimi! Kwa mdomo huu!"

"Usipige kelele, wewe. Wafungaji hawana mdomo wa kula ladu. Nilikuwa nakupangusa jasho mwenyewe, ulikuwa nusu mfu."

Kufikia mchana jirani yetu Kokilaben alikuwa na habari. Kufikia jioni, kwenye ngazi za hekalu, Chimanlal alinishika mikono miwili, macho yamelowa. "Rasikbhai," akasema, "kufunga siku nane wengi wanaweza. Kubeba dhambi ya dada yako katika umri huu, hilo sijawahi kuliona. Sasa ni lazima ukae jukwaani."

Dada, nilikwenda kuvua nguo nikavalishwa joho. Sijui nifanye nini.

Rasik

Kalkuta, 20 Julai 1987

Rasik,

Darshana amejifungua msichana. Kilo tatu. Mapafu ya chuma.

Nilisoma barua yako jikoni nikacheka mpaka shemeji yako akaja na gilasi ya maji. Kisha kicheko kikakatika.

Umejaliwa wewe. Hata dhambi zako zinakuletea sifa. Na mimi je? Tangu zamani nilikuwa mwizi. Sasa ni mwizi anayemlilia mdogo wake amsitiri. Ulinikuta shimoni, ukachimba zaidi, na watu wakakupigia makofi kwa jinsi unavyoshika jembe.

Sikukuomba useme tu. Nilikuomba Mama ajue. Hayo ni mambo mawili.

Ukikaa juu ya lile jukwaa, usiniandikie tena. Hata ukichapa kwa almasi.

Kanchan

Bhavnagar, 25 Agosti 1987

Dada,

Nimefurahi kwa mjukuu. Naandika haraka, na huenda barua hii ikafika baada ya mwenyewe. Utaelewa.

Kwanza nilikwenda kwa Chimanlal nikamwambia sitakaa jukwaani, maana mfungo wangu ulikuwa wa uongo. Akasema unyenyekevu wangu umevuka mpaka. Nikamwambia tena, kwa ukali. Akasema ataniwekea kiti cha mbele. Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa kama panya wa Mohanlal.

Mama alikuwa anachuja maji. Nikakaa sakafuni karibu na mtungi. Sikuwa na hotuba yoyote. Nikasema tu, "Zilikuwa kumi na moja, Mama. Ya mwisho sikuimaliza kwa raha, ila niliimaliza."

Kitambaa kikasimama.

"Nani amekwambia kumi na moja?"

"Hakuna. Nilikuwa nazihesabu nikizila, kama mtu anayesali."

"Kanchan alisema tatu."

Sikujua, Dada. Sikujua kwamba ulibanwa useme, wala kwamba ulisema. Mama alieleza huku anautazama mtungi. Alikuwa ametengeneza ladu mia tatu na sitini kwa mikono yake, akazihesabu mara mbili. Alipoona samli kwenye mtandio wako alizihesabu tena. Idadi iliyopungua hakumwambia mtu, hata Baba, kwa aibu. Akakuita faraghani akakuuliza ngapi. Ukanyamaza. Akakuuliza tena. Ukasema tatu. Akajua, au alidhani amejua, kwamba binti yake ni mwizi na mwongo pia.

Ulibahatisha. Hukujua nimekula ngapi. Ungejuaje?

Maji yaliyokuwa jikoni yakachemka yakamwagika, asiyaendee. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya dengu:

"Kama ni hivyo, mimi miaka yote hii nilikuwa nafanya nini?"

Siku mbili hakuzungumza nami. Siku ya tatu akamwambia Kokilaben amsindikize Kalkuta, kwa vile Kokilaben ana mwana huko. Nilisema nitampeleka mimi. "Wewe baki," akasema. "Wewe una yako. Na usipige simu, usipeleke telegramu. Nisije nikapokelewa stesheni na maua."

Wameondoka leo asubuhi. Amebeba kitambaa chake cha kuchujia, haamini cha kwako.

Rasik

Kalkuta, 6 Septemba 1987

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika siku tatu baada yake.

Alifika siku yenyewe ya msamaha, saa nne asubuhi. Darshana alifungua mlango na mtoto begani. Mimi nilikuwa nyuma nina unga mikononi. Mama alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Nikasema, "Mama! Ingia, mbona hukutuarifu?" Hakuingia. Akavua viatu, akaunganisha viganja mbele yangu, na kichwa chake, Rasik, kichwa cha Mama, kikainama.

Akasema, "Kanchan, binti yangu, sikukukosea kwa kutojua. Nilikuuliza nikakuona unavyonitazama, nikajua kuna kitu. Sikutaka kukijua. Bendi ilikuwa imekwisha kukodiwa."

Miaka thelathini na moja nimeingoja siku hiyo. Nilikuwa na maneno yangu, nimeyapanga. Lakini nilipoiona ile mikono yake imeunganishwa kuniomba mimi, mama mbele ya mtoto, tena mbele ya mkaza mwana, niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nilitaka kukimbilia jikoni. Nikamshika mikono na unga wangu wote, nikasema basi, Mama, basi. Kokilaben analia, shemeji yako ametoka bafuni na sabuni sikioni anauliza nani amefariki.

Jioni Darshana alikuja chumbani kwangu akakaa kitandani kama nusu saa, kisha akauliza kama nataka chai.

Mama nilimsamehe kabla hajamaliza sentensi. Wewe bado. Si kwa hasira. Nimeutafuta msamaha wako moyoni sijaupata, na naona haya kukuandikia hivyo katika wiki ambayo sisi husamehe hata siafu.

Mama anasema atakaa hapa mpaka mvua ziishe, labda zaidi. Watu watakuja dukani kukuuliza mama yako yuko wapi. Usiwaambie amekwenda kumwona kitukuu. Waambie amekwenda kufanya nini. Na wasikufanye mtakatifu tena. Ukiona wanaanza, sema mpaka waache.

Kanchan

Bhavnagar, 20 Septemba 1987

Dada Kanchan,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa shemeji, kwa Darshana na yule mwenye mapafu ya chuma. Sushila hajambo. Tangu nimweleze yote hasemi sana, ila ananipikia, kwa hiyo naishi.

Nimekata tiketi ya treni ya Alhamisi. Sitaomba kitu. Nikifika, ukitaka nikae nje, nitakaa nje, mwili wangu utawapa kivuli wapita njia.

Watu wameuliza, kama ulivyosema. Wa kwanza nilimjibu kwa sauti ndogo hata mwenyewe sikujisikia. Wa pili alianza, "Lakini Rasikbhai, ulivyo na moyo..." nikamkatiza, nikamwambia idadi, nikamwambia habari ya mtandio wako, nikamwambia habari ya kufuli la mama mkwe wako, mpaka akaweka sufuria chini akaenda zake. Chimanlal sasa ananisalimia kwa kidevu. Kiti cha mbele kimepata mtu mwingine.

Jana alikuja Hiraben, yule uliyesoma naye darasa moja, binti wa mwuza nyuzi. Duka lilikuwa limejaa, watu wanatafuta vyombo vya sherehe. Akauliza Mama yuko wapi. Nikavuta pumzi nikaeleza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, nimekwisha zoea. Nilingoja anilaani. Nilingoja hata anicheke. Alinisikiliza mpaka mwisho, mfuko wake wa mboga kifuani, kisha akauliza kitu ambacho katika miaka yote hii hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kuniuliza.

"Na Kanchan anaimba bado?"

Nikakumbuka. Ulikuwa ukiimba uani, ukichota maji, ukianika nguo, mpaka Baba anakwambia punguza. Kisha nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho kukusikia, nikafika mwaka ule wa ladu; baada yake sikukumbuka hata wimbo mmoja.

"Anaimba, Rasikbhai?" akauliza tena.

Nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya watu wale wote kwamba mimi ni mwizi, mwongo na mwoga, na sauti haikunitetemeka. Kumjibu Hiraben kwamba sijui, hapo ndipo iliponikauka.

Rasik